Maombolezo ya Mtu Aliyekuwa Akisikiliza

Wenzangu mnaobaki na chaki,

Mkuu wa idara aliniomba niwaandikie kurasa chache kabla kiti changu hakijapoa, kitu cha kuwatia moyo walimu wapya wa Kiswahili. Kutia watu moyo sikufunzwa chuoni, na miaka niliyofundisha haikunifunza pia. Nitaandika niliyoyaona. Anayetaka kutiwa moyo ateremke mjini Kakamega siku ya Jumapili. Makanisa ni mengi na yote yana vipaza sauti.

Vyeo na mishahara nitavipita, kama vilivyonipita mimi. Nitaandika juu ya kazi yenyewe na juu ya mtu aliyenifunza kazi, Mwalimu Zakayo Muhati, mshairi wa Lwisukha, lugha yetu ya nyumbani, ambaye wengi wenu hamjawahi kulisikia jina lake. Hilo si kosa lenu. Waliopaswa kuwaambia walikuwa na mambo mengine ya kusema.

Nilifika shule ile ya Shinyalu nikiwa na sanduku la bati, kamusi, na imani kwamba nilikijua Kiswahili. Shule iko mlimani. Chini yake kuna vishamba vya majani chai, kisha kijito, kisha mlima mwingine, na nyuma ya huo msitu. Mwalimu Muhati alinipokea akiwa amevaa gambuti, maana alitoka shambani moja kwa moja na kengele ilikuwa imeshalia. Aliniuliza jina, akaniuliza mama yangu ni wa wapi, na alipogundua kwamba mama ni wa ukoo wao, akaamua papo hapo kwamba yeye ni khotsa wangu, yaani mjomba. Tangu siku hiyo ndani ya lango la shule nilimwita Mwalimu, na nje ya lango nilimwita khotsa. Ndani alinigombeza kwa Kiswahili, na nje alinigombeza kwa Lwisukha.

Somo langu la kwanza lilikuwa shairi. Nilijaza ubao wote: vina hivi, mizani hii, kituo kile. Watoto walinakili kimya, nami nikaona nimeweza. Mwalimu Muhati alikuwa amekaa nyuma kabisa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigusa kidevu. Kengele ilipolia aliniuliza kama lile shairi linalia au linacheka. Nikamjibu kwamba ni tarbia.

"Sikukuuliza kabila yake," akasema. "Nimekuuliza linalia ama linacheka."

Nilimchukia kwa muhula mzima. Ninyi mlio na shahada mbili mbili mtanichukia pia nikiwaambia kwamba swali lile halimo kwenye silabasi yoyote niliyowahi kupewa, na kwamba ndilo swali pekee lililonifaa.

Mbali na kufundisha darasani, yeye ndiye aliyekuwa na kundi la mashairi ya kwaya. Kwa wageni wa kazi hii: ni watoto thelathini au arubaini wanaokariri shairi kwa pamoja bila ngoma wala kinanda, kila mwaka, kwenye tamasha la shule. Wanaanzia kanda, wanapanda wilaya, wanapanda mkoa, na wakishinda wanafika taifa na mwalimu mkuu anapata kombe la kuweka ofisini. Mwalimu Muhati aliwafunza kwa njia ambayo sijaiona kwingine. Aliligawa kundi mara mbili, nusu akawaweka upande huu wa kijito, nusu akawavusha hadi mlima wa pili, nao wakajibizana beti kupitia bondeni. Aliyepiga kelele alirudishwa nyumbani. Alitaka sauti ivuke maji bila kupigiwa kelele, na aliamini kwamba maneno yaliyotungwa vibaya hayavuki hata ukiyasukuma. Kifaa chake kilikuwa fimbo nyembamba ya mpera aliyojipigia pajani. Kulikuwa pia na mashine ya kunakilishia karatasi iliyotia wino kila gauni nililokuwa nalo, lakini hakuigusa mpaka shairi liwe limeshasemwa na kusemwa tena. Alitunga akitembea. Ukimkuta kwenye njia ya miguu akisogeza midomo, ulimpisha.

Shairi likiwa tayari alilipeleka sokoni. Alisimama mbele ya mama anayefunga mafungu ya mboga za mrenda, akamsalimu mulembe, akaanza kumsemea. Mama akiendelea kufunga mrenda, Mwalimu alirudi nyumbani kulitengeneza. Mama akisahau mikono yake hewani, shairi limekamilika. Mimi pia nilijaribu, mwaka wangu wa pili. Yule mama aliniuliza kama ninanunua au ninahubiri.

Sasa niseme juu ya mada, maana hili linanikera hadi leo. Kila mwaka ofisi fulani kubwa zilituletea mada za kutungia, na aliyetungia mada ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo mimi, niliyesomea fasihi ili nitunge juu ya mapenzi na mauti, nimetunga juu ya kodi, vyoo vya shimo, vyandarua, uchaguzi wa amani, na hatari za pombe. Hilo la pombe lilisifiwa sana na mwamuzi aliyekuja akinukia pombe. Lile la kodi ndilo lililonipa jina. Watoto wa wakulima ambao baba zao hawajui hata rangi ya fomu ya kodi walisimama jukwaani wakatokwa na machozi ya kweli wakiililia barabara isiyojengwa. Lilifika taifa, likakaririwa mbele ya wakubwa. Mimi sikuwepo. Nafasi kwenye basi zilikuwa za wageni wa mwalimu mkuu.

Lugha ya mama nayo ilikuwa na nafasi yake kwenye tamasha, ya mwisho kabisa, baada ya chakula, waamuzi wakiwa wameshiba wanapigana na usingizi. Wengi wao walitoka sehemu nyingine na hawakuelewa neno hata moja. Mmoja alisimama akatoa maoni kwamba lugha yetu ni tamu na sare za watoto zimepigwa pasi vizuri. Na huko, kwenye nafasi hiyo ya usingizi, ndiko Mwalimu Muhati alikopeleka mashairi yake bora kila mwaka. Alitunga juu ya mvua ya mawe ilivyochana majani chai, juu ya bibi harusi aliyeshikwa na kicheko madhabahuni, juu ya mbuzi aliyemkataa mnunuzi. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua. Tulikuwa tunateremka kwenda sokoni, na alinijibu kwa hadithi ambayo hakuwahi kuirudia.

Alianza kazi Lugari, kabla ya uhuru, akiwa kijana asiye na cheti, akifundisha watoto wa vibarua ndani ya shamba la Kaburu mmoja. Watoto wa Makaburu wenyewe walikuwa na mwalimu wao, Kaburu mwenye ndevu nyekundu, naye alikuwa mshairi. Alitunga kwa Kiafrikana. Waingereza wa mashamba ya jirani walikicheka Kiafrikana, wakakiita lugha ya jikoni, na mkewe alikuwa amechoka kumsikiliza. Basi alimwita Muhati kwenye banda la kukamulia ng'ombe, akamsimamisha pale, akamkariria mashairi yake. Muhati hakuelewa kitu. Hata hivyo alijua ni wapi mtu huyu anamlilia mama yake na ni wapi anagombana na Mungu, kwa sababu pumzi ilibadilika.

"Ananieleza saa mzima vile Mwingereza anadharaunga lugha yake," Mwalimu aliniambia. "Machozi inamtoka kabisa. Akimaliza ananiita boi, nibebe ndoo. Hata siku moja hakuniuliza kama mimi niko na lugha."

Uhuru ulipokaribia Kaburu alipakia lori akaenda zake kusini na mashairi yake. Muhati alibaki na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomfanya mshairi. Aliniambia kwamba kwa yule Kaburu alijifunza mambo mawili: kwamba lugha inayochekwa inaweza kubeba chochote, na kwamba mtu anaweza kulia machozi ya kweli juu ya dhuluma huku amesimama juu ya mguu wa mwenzake. Sijui kama Kaburu yule aliwahi kusomwa na watu wake. Muhati hakusomwa na wetu. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alimwandikia kwamba Lwisukha haina soko. Mwalimu akasema soko liko hapo chini, aje amwonyeshe.

Kuna wakati tulipata mwalimu mkuu aliyepiga marufuku lugha ya mama shuleni. Akachongesha kipande cha mti chenye tundu na kamba. Mtoto aliyeropoka Lwisukha alikivaa shingoni mpaka amnase mwingine, na jioni waliokivaa walichapwa. Tuliambiwa sisi wa lugha tukisimamie. Mwalimu Muhati alikichukua, akakivaa yeye, akaingia nacho gwarideni, akafundisha nacho wiki nzima. Mwalimu mkuu alishindwa amchape vipi. Baadaye kidogo Muhati alipelekewa barua ya onyo, nayo hakuijibu. Alipokuja mgeni kutoka wizarani, mwalimu mkuu yule yule alimwomba Muhati alete kundi likariri kitu cha kienyeji, kwa sababu wageni hupenda.

Mwalimu Muhati alistaafu, nami nikarithi kundi. Nilikuwa nimeshajua kusikia pumzi. Aliendelea kuja bondeni mara moja moja, akasimama upande wa pili wa kijito akisikiliza, na nilipokosea alirudi nyumbani bila kunisalimia. Ndivyo nilivyojua. Miaka ikaenda hivyo, kisha moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, akawa halali ila akiwa ameketi.

Kilichofuata kilianzia kwenye mazishi ya mwalimu mwingine, rafiki yake wa zamani. Muhati alikuwa ametunga maombolezo kwa Lwisukha, na familia ikamweka kwenye ratiba. Mnajua mazishi yetu. Alizungumza mheshimiwa, akazungumza anayetaka kumng'oa mheshimiwa, wakazungumza machifu na wawakilishi na mtu aliyetumwa na mtu. Ilipofika zamu ya Muhati, emsii aliyeendesha ratiba alimpa dakika mbili. Alikuwa bado anavuta pumzi ya ubeti wa pili, mzee mgonjwa ameegemea fimbo, emsii akachukua kipaza sauti mkononi mwake, akashukuru, akasema jua linazama na kaburi linasubiri. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Wiki hiyo hiyo aliniita kwake. Mkewe, Mama Dorika, alitupikia obusuma na ingokho, yaani ugali kwa kuku, jambo lililonitia wasiwasi kwa sababu haikuwa sikukuu. Mama alipoondoa sahani, khotsa aliniambia anataka nimtungie maombolezo yake, na anataka kuyasikia.

Msomaji wa mbali lazima aelewe uzito wa hilo. Kwetu mtu hamlilii aliye hai. Kulitaja jina la mtu anayepumua kwa maneno ya msiba ni kumfungulia mauti mlango, na aliyeliliwa hivyo, hata kwa bahati mbaya, haingii nyumbani kwake mpaka kondoo achinjwe na wazee wamsafishe. Bibi yangu alikuwa mwombolezaji wa kuitwa mbali, naye hakukubali hata kufanya mazoezi. Alisema maneno yale hayajui kwamba ni mazoezi. Nilimkumbusha khotsa mambo hayo yote.

"Najua," akasema. "Lakini nikifa watampatia nani hiyo maikrofoni? Wewe watakupea dakika mbili. Mimi sitaskia hata hizo mbili. Nimeskizia watu maisha yangu yote. Na mimi nataka kuskia."

Nikamwuliza khotsa, Mama Dorika anasemaje. Akasema hajaambiwa na hataambiwa, kwa sababu atakataa. Akaongeza sharti moja: nisimsifu. Alisema watu wanasifianga maiti mpaka maiti anajiuliza kama ni yeye.

Nilitunga kwa muhula mmoja, nikitembea, midomo ikisogea kama yake. Nilisema viatu vyake vya gambuti vimekaa mlangoni vikitazama nje. Nilisema kijito kimesimama kumsubiri ajibu. Nilisema alikuwa na hasira isiyolala, na kwamba alimnyima mkewe maneno akayapeleka bondeni. Nilisema hakupata kitabu. Lilikuwa shairi lililolia, na mahali pamoja lilicheka. Wenzangu, nimetunga mengi kwa amri. Hili ndilo nililolitunga nikiwa mzima, kwa lugha niliyozaliwa nayo, kwa mtu aliyeweza kulipima. Sina aibu kusema kwamba ni zuri.

Tulilikariri kwenye tamasha la kanda, baada ya chakula kama kawaida. Khotsa alikuja amevaa koti, na Mama Dorika akaja naye, akidhani ni matembezi. Watoto walipofika mahali pa kulitaja jina, Zakayo Muhati, wakalitaja kwa maneno ya msiba, ukumbi ulizizima. Waamuzi hawakuelewa kilichotokea. Wazazi waliokuwa madirishani walielewa. Mama Dorika aliinuka polepole akatoka nje bila kumwangalia mtu. Khotsa hakumfuata. Alibaki amefumba macho mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande kama anavyofanya kule bondeni. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu, na hakuna kilichofuata kilichoweza kunifanya nisiseme hivyo.

Nilipomfikia aliniambia ubeti wa tatu umelegea, niurekebishe. Kisha akanishika mkono kwa muda mrefu.

Wazee wa ukoo walimngoja langoni kwake na kondoo. Mama Dorika mwenyewe ndiye aliyewaita. Khotsa akawaambia kondoo hajafanya kosa, akampita, akaingia nyumbani kwake akakaa kitini. Hawakuweza kumzuia. Hakumaliza mwezi.

Kwamba moyo wake ulikuwa umejaa maji, kwamba daktari alikuwa ameshawaambia, hayo yote yalisahaulika kwa siku moja. Ikawa nimemuua. Mama Dorika alisimama mbele ya waombolezaji akasema hivyo, kwa jina langu, na hakuna aliyembishia. Walimu wenzangu niliokuwa nikigawana nao chai walianza kuketi meza nyingine. Wazazi wakaja shuleni kuwatoa watoto wao kwenye kundi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa na shahada ya sayansi na picha ya sherehe za kuhitimu ukutani, aliniambia faraghani kwamba yeye haamini mambo hayo, lakini itakuwa vyema nikihamishwa. Barua ilikuja haraka. Barua zetu haziji haraka.

Siku ya mazishi nilikwenda. Jafeti, mwana wao mkubwa anayefanya kazi Nairobi, alinizuia langoni. Hakuwa mkali. Alinionyesha mahema na magari ya wakubwa.

"Mwalimu, rudi tu," akasema. "Mama akikuona hatutamaliza."

Sikurudi. Niliingia kwa jirani, nikasimama nyuma ya ua wa michongoma, ambako vipaza sauti vilifika vizuri. Nilisikia wakubwa wote. Nilisikia khotsa akiitwa nguzo ya elimu, baba wa wengi, mpenda maendeleo; maneno yaliyotosha kuzikia mtu yeyote. Kisha nikasikia emsii akitangaza kwamba, kwa kuwa marehemu alipenda ushairi, wanafunzi wa shule yake watamuaga kwa shairi.

Nilidhani watoto wameamua wenyewe, kwamba watalisema lile. Nilijipanga nyuma ya ua nipige paja kwa kiganja, niwashikie mwendo.

Wakakariri shairi la kodi.

Mwalimu mkuu alikuwa na wageni wa kufurahisha, lile lingine lilikuwa laana, na hili ndilo lililobaki ambalo watoto walilijua kwa moyo. Walilikariri lote. Wakamwambia Zakayo Muhati, pembeni mwa kaburi lake lililo wazi, kwamba raia mwema hulipa kwa wakati. Wakalia mahali pa kulia, pale pa barabara, kama nilivyowafundisha mimi mwenyewe. Watu wakapiga makofi, mheshimiwa akasema hivyo ndivyo vipaji vya Shinyalu. Maneno yalikuwa yangu yote, nami nikayasikiliza mpaka mwisho. Nimesoma mengi juu ya kejeli na nimeifundisha miaka mingi, kwa mifano kutoka vitabuni. Sasa mna mfano wangu.

Nilihamishiwa shule moja karibu na Ekero, kwenye mashamba ya miwa, nikamalizia kazi huko. Siwezi kusema nilionewa na watu wa Ekero. Wanafunzi Waislamu walinipokea kwa salamu ndefu ya adabu, na walimu hawakujua habari zangu mpaka zilipowafikia, kama zinavyofikanga. Nilifundisha. Nilitunga juu ya mada nilizopewa. Nilipata makombe, yako ofisini, mnayapangusa vumbi ninyi. Kwa Lwisukha sikutunga tena neno. Walioniuliza niliwajibu kwamba huku watu wanasema Luwanga, na hilo lilikuwa jibu la kutosha kwa mtu asiyetaka jibu.

Mkanifanyia sherehe ya kuniaga. Hotuba zilikuwa nzuri. Niliitwa nguzo ya elimu. Blanketi mlilonipa nimelitumia, asanteni.

Baada ya sherehe hiyo, nikiwa nimeshatulia Shirere, pale Kakamega, kati ya vyumba vya wanafunzi wa chuo na muziki wao, simu ililia. Alikuwa Mama Dorika. Hatukuwa tumesemezana tangu tamasha lile. Aliniambia nije, bila kuniambia ni kwa nini, nami nikaenda, nikijiambia kwamba mtu wa umri ule huomba msamaha kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimeandaa namna ya kuupokea. Ningeupokea kwa ubaridi.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha mbao, miguu imevimba kama ilivyomvimba mumewe. Alinipa chai na ndizi. Hakuomba msamaha. Aliuliza kama ni kweli nimestaafu, kisha akaniangalia usoni.

"Nataka yangu," akasema. "Nikiwa naskia."

Nilidhani sikuelewa, lakini nilielewa. Nikamwambia yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema nilimuua mume wake, nikahamishwa kwa neno lake, nikazuiwa langoni nisimtupie hata udongo.

"Nilisema," akasema. "Na mpaka leo sijui kama ni uongo. Lakini yule mzee alikufa ameshiba, Mwalimu. Nilikuwa naye hiyo siku zote za mwisho. Alikuwa anajisemea ile shairi yako, anaanza tena, anaanza tena, mpaka usingizi inamshika. Na pale ulisema alininyima maneno, alikuwa anasimama hapo, ananiangalia. Mimi nitalala na nini?"

Kwa miaka yote ile hakuna aliyeniambia jambo hilo. Aliliweka kwake, akaniacha niamini kwamba shairi lilikufa ukumbini. Nilimwambia nimestaafu.

Hakunisihi. Alisema chai inapoa. Niliinywa, nikamuaga, nikapanda pikipiki kurudi nyumbani, nikijisemea kwamba nina haki ya kukataa, na kwamba hakuna mtu duniani anayenidai kidogo kuliko yule mama. Bado naamini hivyo. Tulipokuwa tunakaribia mjini, mshororo ulinijia, kwa Lwisukha, mzima, ukianza na jina lake. Nilimwambia mwenye pikipiki asimame. Nikashuka, nikasimama kando ya barabara nimejaa hasira, kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kumtungia mumewe.